Dawa ya Watu Chumbani Kwangu

Mimi ni mtu wa ndani. Nasema mapema, msije mkangoja humu habari za kuvuka mto na kuua viboko. Kiboko nilimwona mara moja, kwa mbali, nikarudi nyumbani haraka kumweleza mama alivyo. Baada ya kuishia darasa la kumi nilirudi Ifakara na sanduku la vitabu, nikaingia katika chumba changu pale Lipangalala, chenye kitanda cha kamba na dirisha la mbao, na kazi niliyoifanya kwa bidii kuliko zote ilikuwa kukaa.

Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Haonekani, hapigwi na jua, mpaka siku anapotolewa kwa ngoma na vigelegele. Huyo ndiye mwali. Basi mimi, mwanamume mzima mwenye ndevu chache lakini zangu, nikapewa jina hilo. Aliyeanza ni mama yangu mzazi.

"Mwali wangu, leo kuna jua," angeniambia asubuhi mlangoni. "Usitoke, litakubabua."

Mama naye hakuwa mtu wa kuzurura, ila watu wa nje walimfuata yeye. Tangu nimjue hakuwahi kula peke yake. Akishapakua wali husimama barazani na mwiko mkononi, na yeyote anayepita njiani, awe amebeba samaki au amebeba kesi ya kupeleka kwa jumbe, ataitwa: "Karibu tule!" Asipopita mtu, chungu kinafunikwa, na sisi wenye njaa tunangoja apite. Mgeni wake wa kila siku alikuwa mjane wa ng'ambo ya njia, mwenyeji wa upande wa Mahenge, ambaye nilimwita mama mdogo ingawa hatukuwa na damu moja. Walikula katika sinia la bati lenye ua jekundu lililochorwa katikati. Mmoja alianza huku, mwenzake kule, wakala wakitaniana mpaka wakakutana kwenye ua.

Kazi niliipata kwa sababu ya Kiingereza. Chama cha wakulima wa pamba kilikuwa na ghala kwenye njia ya kwenda kivukoni, na ndani yake, pamoja na magunia, kulikuwa na mapipa ya dawa ya kunyunyizia pamba. Mapipa yaliandikwa Kiingereza, na alihitajika mtu wa kuyasoma. Nikawa karani wa ghala. Ilikuwa kazi ya ndani, chini ya bati, yenye kiti. Nilimshukuru Mungu.

Halafu ikaja masika moja ambayo mto haukuona sababu ya kubaki mtoni. Maji yalipita mashamba, yakapita njia, yakaingia ghalani yakiwa yamebeba majani na vyura. Bwana shamba alifika kwa mtumbwi. Alikuwa mtu mwembamba ambaye kaptura yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata katika mafuriko. Akatazama mapipa, akatazama maji, kisha akanitazama mimi.

"Karani, nyumba yenu iko kwenye mwinuko?"

"Ndiyo, bwana."

"Ya matofali? Ya bati?"

"Marehemu baba alijenga ya matofali."

"Na wewe nasikia hutoki nyumbani."

Sifa zangu zote zilikuwa zimenigeukia.

Mapipa yakaja kwa mitumbwi iliyofungwa pamoja, yakaviringishwa kupanda mwinuko, yakaingizwa chumbani kwangu kwa sababu ndicho chumba pekee chenye kufuli. Kitanda changu kikatolewa barazani. Mama mdogo alikuwa amesimama kwake, akipiga makofi.

"Jamani, mwali katolewa!" akapaza sauti. "Na ngoma hatujacheza!"

Mama aliuliza swali moja tu: "Hiki ni nini mnachoniletea?"

"Dawa, mama," akajibu bwana shamba.

"Dawa haina neno. Karibuni tule."

Bwana shamba alikula, na alipomaliza kunawa akanipa masharti. Mapipa yasikae karibu na chakula. Ukumbini, ukuta mmoja tu kutoka hapo, kulikuwa na magunia yetu ya mpunga, na pa kuyapeleka palikuwa mtoni. Yasikae karibu na moto. Jiko letu la nje lilikuwa limelala kifudifudi ndani ya maji, na mama alikuwa akipika kwenye ubaraza wa nyuma. Dirisha liwe wazi hewa ipite, ilipita mvua. Asilale mtu karibu. Nikamwonyesha kuta za ndani za nyumba, ambazo baba hakuzifikisha kwenye bati, kwa hiyo aliyelala chumba hiki alikuwa akikohoa chumba kile. Upande wa pili wa ukuta ndipo kilipokuwa kitanda cha mama.

"Mhamishe mzee," akasema.

"Nimhamishie wapi, bwana?"

Akatazama nje. Nje kulikuwa na maji mpaka milimani.

"Basi asivute pumzi kwa nguvu," akasema, na sijui mpaka leo kama ulikuwa utani. Kisha akanikabidhi glavu za mpira za kushikia dawa. Nilipozivaa nikaona zote mbili ni za mkono wa kushoto.

"Za kulia ziko wapi?"

"Zilikwenda Mahenge."

Siku hiyo hiyo mama mdogo akaja kuitembelea dawa, kama mtu anavyokwenda kumtazama mtoto mchanga. Tuliongea dirishani, yeye nje, mimi ndani nikiyapanga mapipa juu ya matofali kwa mikono miwili ya kushoto.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwali. Nigawie kidogo. Kunguni wananimaliza."

"Hii si ya kunguni, mama mdogo. Ni ya wadudu wa pamba."

"Kunguni si mdudu?"

"Ni mdudu."

"Analala juu ya nini?"

"Godoro."

"La nini?"

"La pamba," nikasema, nikajua nimeshindwa.

Nikamwonyesha picha iliyokuwa kwenye pipa, fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana. Nikamwambia atazame mwenyewe, hiki si kitu cha kuchezea. Akaingiza kichwa dirishani, akakodoa macho kwa muda.

"Kopo la dawa ya mende dukani lina picha ya nini?"

"Ya mende."

"Na la dawa ya mbu?"

"Ya mbu."

"Na hili lina picha ya mtu." Akatoa kichwa. "Basi hii ni dawa ya watu. Nitakuja na chupa."

Nilikaa juu ya pipa nikafikiri. Shuleni nilifundishwa sarufi na nilifaulu, lakini hakuna mwalimu aliyenieleza kwa nini dawa ya mende humwua mende na dawa ya mtoto haimwui mtoto. Sisi tunajua tu. Tunajua kwa sababu mama alitwambia, na mama aliambiwa na mama yake, na kati yao wote hakuna aliyewahi kuletewa pipa lenye picha ya mtu.

Habari ikaenea kwa namna ya mitumbwi, huku na huku. Wakaja na chupa, vibuyu, makopo ya maziwa. Mmoja alitaka ya chawa, mwingine ya mchwa, mzee mmoja akaniita pembeni akataka ya mgongo. Wengine hawakutaka dawa, walitaka pipa lenyewe likiisha, la kupikia pombe. Nilikataa kila mtu, na kila niliyemkataa alikwenda kumshitaki kwa mama, naye mama alinijia ana aibu usoni.

"Baba, mbona umekuwa mchoyo? Dawa si ya kunyimana."

Mama alikuwa akiniita baba anaponihitaji niwe mkubwa. Nikajaribu. Nikamweleza kwamba tone lake likianguka majini linageuka jeupe kama maziwa, na mtoto akinywa hafiki jioni. Akanisikiliza vizuri, akatikisa kichwa.

"Basi wape kidogo kidogo," akasema.

Kisha pipa moja likaanza kutoka jasho. Kwenye mshono, chini, palikuwa na unyevu uliong'aa, na ukanda mwembamba ukaanza kutambaa sakafuni kuelekea mlangoni. Nyumba nzima ikanuka mafuta ya taa yaliyochanganywa na kitu kitamu, na mama akaanza kushika kichwa akisema bati linazunguka. Bwana shamba alikuwa ameniagiza nikiona dawa imemwagika niifunike kwa mchanga. Mchanga wote wa Ifakara ulikuwa chini ya mto. Nikachukua pumba za mpunga, nikamwaga, nikazoa kwa mkono wangu wa kushoto na wa kushoto wa pili, nikazitia kwenye debe, nikatoka nalo nje, na hapo nikasimama. Pa kulitupa hapakuwepo. Kulia kulikuwa na maji tunayokunywa, kushoto kulikuwa na maji wanayokunywa wengine. Nikaliweka debe kwenye pembe ya nyumba, nikalifunika kwa ungo, nikaenda kunawa.

Kuku wa mama walikuwa wamekaa na njaa tangu maji yaje. Wakauangusha ule ungo. Pumba ni pumba kwa kuku.

Niliporudi walikuwa wamelala ubavu barazani, miguu ikipiga kama watu wanaoota wanakimbia, halafu wakatulia. Mama alisimama juu yao. Mama mdogo, aliyekuwa ameitwa na makelele, akainama akashika mmoja, akampima uzito.

"Waleteni tupike kabla hawajapoa."

"Hawaliwi, mama mdogo. Wamekufa kwa dawa."

"Ndiyo vizuri. Aliyekufa kwa dawa hakufa kwa ugonjwa."

Nikawanyang'anya. Nikachimba shimo, likajaa maji kabla sijamaliza, na kuku nilipowaweka wakaelea, wakaanza kuzunguka taratibu wakinitazama. Nikachimba jingine, yakawa yale yale. Mwishowe niliwatia ndani ya debe, nikalifunga kwa kitambaa na kamba, nikalirudisha chumbani, wakae na wenyeji wao.

Hapo ndipo nilipopata wazo, na ilikuwa siku mbaya kwangu kupata wazo. Ghalani tulikuwa na rangi nyeusi ya kuandikia magunia ya pamba, na kopo lake nilikuwa nimekuja nalo. Watu walikuwa wakiniomba dawa kupitia dirishani, na dirisha langu linaangalia njia. Basi nikalifunga, na juu ya ubao wake, kwa upande wa nje, nikaandika kwa herufi zinazosomeka hata kutoka mtumbwini: SUMU. Sharti la hewa nikalivunja kwa makusudi, maana dirisha likifunguliwa maandishi yanageukia ukuta.

Watu wengi wa njia ile hawakujua kusoma. Lakini walipita wanafunzi, wakasimama, wakasoma kwa kuimba kama wanavyofundishwa: su-mu, sumu. Nikawasikia kutoka ndani, nikajipongeza. Hakuna aliyekuja na chupa siku hiyo.

Jioni mama alipakua wali, akasimama barazani na mwiko.

"Karibu tule!" akamwita mvuvi mmoja.

"Asante mama, nimeshiba," akajibu yule mtu, na mbavu zake ungeweza kuzigusa moja moja.

Akapita mwingine. Naye alikuwa ameshiba. Kijiji kizima, katikati ya mafuriko, mashamba yakiwa chini ya maji, kilikuwa kimeshiba. Mama akatazama ng'ambo ya njia. Mlango wa mama mdogo ulikuwa wazi, moshi ulikuwa unatoka, na mwenyewe hakuonekana. Mama akafunika chungu.

Nilichelewa kuelewa, na huko darasa la kumi halikunisaidia. Kwetu sumu si kitu cha kwenye pipa, ni kitu cha mtu. Ina mwenyewe. Ni ya jirani mwenye kijicho, ya mke mwenza, ya ndugu anayetaka shamba. Ukisema mahali fulani kuna sumu, hakuna anayekuuliza sumu gani; watauliza ya nani, na amewekewa nani. Mimi nilikuwa nimechukua nyumba ambayo kazi yake yote ilikuwa kulisha watu, nikaiandika jina hilo mbele, kwa rangi isiyotoka.

Nikavuka njia, maji yakinifika magotini, ambayo kwangu ilikuwa safari. Mama mdogo alikuwa akipepeta mchele. Hakuniambia karibu ukae.

"Mwanangu," akasema, na hakuniita mwali, "mimi nilikuja kuomba dawa, ukaniambia hakuna."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Kumbe sumu ipo."

"Ni kitu kile kile, mama mdogo! Ile dawa ndiyo sumu yenyewe."

Akaacha kupepeta. "Hicho ndicho ninachokiogopa," akasema. "Nimekula kwenu miaka yote. Mama yako anapika nyumba moja na sumu, na mwanawe msomi anatangaza. Unataka nifikiri nini?"

Kila nilichosema kilizidi kuniharibia. Nilisema ni ya pamba. Akauliza kama kuku walikuwa pamba. Nilisema imeletwa na serikali. Akasema serikali nayo ina maadui zake. Nikarudi nyumbani nikiwa nimelowa.

Bwana shamba alipopita kukagua, alisimama mtumbwini akasoma dirisha langu, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Safi sana, karani. Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

"Bwana, yaondoeni. Nawaomba. Mama hali."

"Anaumwa?"

"Hapana. Hapati mtu wa kula naye."

Akanitazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. "Maji yakipungua," akasema, akasukuma mtumbwi.

Ni kweli mama hakuwa akila. Alipika kila siku, kwa kipimo kile kile cha wageni, akapakua kwenye sinia lenye ua, akakaa upande wake. Mimi nilikaa upande wa mama mdogo nikala kwa bidii, nikijaribu kuwa umati. Nilipofika kwenye ua alikuwa hajaanza.

"Kula, mama."

"Nimeshiba, mwanangu."

Naye pia alikuwa ameshiba. Mikono yake ikapungua, bangili ikawa inateleza mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia nitafuta lile neno, nitaandika jingine. Akauliza jingine lipi. Nikafikiri. Nikiandika dawa, watarudi na chupa. Nikiacha wazi bila neno, wataingiza mikono. Nilikuwa na Kiswahili chote, na Kiingereza cha kiasi, na Kindamba cha nyumbani, na katika lugha zote tatu sikuwa na neno la kuwaambia watu wasiguse kitu bila kuwaambia kwamba sisi ndio wa kuogopwa.

"Acha tu," mama akasema. "Ukiongeza maandishi utaniua."

Maji yalipopungua, lori likaja, mapipa yakaenda, na lile debe nikamkabidhi bwana shamba bila kumweleza lina nini. Nikasugua sakafu kwa majivu na sabuni. Nikachukua kipande cha chupa nikakwangua dirisha. Ile rangi ilikuwa imezama ndani ya mbao, na nilipoikwangua yote herufi zikabaki, ila sasa nyeupe. Nikang'oa ubao nikaugeuza. Neno likawa upande wa ndani, nikalala nalo mimi.

Mpunga ulionusurika ulipovunwa, mama alipika wali wa mpunga mpya na kambale, akanituma nikamwite mwenzake. Sikujua kama atakuja. Alikuja. Alikaa barazani, karibu na ngazi, akasalimiana na mama kama watu waliokutana kituo cha basi. Sinia likaletwa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Dada," mama mdogo akasema hatimaye, akiangalia pembeni, "pombe inapoletwa, nani huanza?"

Sote tulijua. Kwetu anayekukaribisha pombe hunywa yeye kwanza, mbele yako. Tunasema anatoa sumu. Ni neno la mdomoni tu, husemwa watu wakicheka. Kwa wali halikuwahi kusemwa, si kwa mama yangu.

Nilimwona mama akitaka kusimama, kisha nikamwona akitazama lile sinia.

"Mwali," akaniita. "Njoo ule."

Nikachota tonge upande wa mama mdogo, nikala. Wote wawili wakanitazama kooni. Nikameza.

"Tungoje kidogo," mama mdogo akasema.

"Mpaka lini? Wali unapoa."

"Wale kuku walichukua muda gani?"

"Kuku ni kuku. Huyu ana darasa la kumi."

"Basi tungoje zaidi, kwa msomi itachelewa kupanda kichwani."

Na mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu masika. Nilikaa pale katikati yao nikingojewa nife, na sikuwahi kufurahi hivyo maishani. Walipochoka kungoja wakala, na mama akala, akala mpaka akakwangua.

Lakini hawakukutana tena kwenye ua. Mama mdogo alikula pale nilipochota mimi, akaishia hapo. Siku iliyofuata akaja, akakaa, akaangalia mlango, na mama akaniita. Na iliyofuata. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu, bila mtu kuipanga. Wageni walirudi mmoja mmoja, na kila aliyerudi alingoja mwali atoke ndani aonje. Nilinenepa. Watu wakasema nimeoa chungu. Wengine waliokuja miaka ya baadaye hawakujua hata mwanzo wake. Waliona tu kwamba kwa yule mama, mwanawe hula kwanza, wakadhani ni ulafi, na mimi nikawaacha wadhani.

Mama alifariki akiwa mzee, kifua tu, na kama mapipa yalikuwa na mkono wao humo hakuna aliyeweza kuniambia. Siku ya matanga wanawake walipika masufuria kwa masufuria, watu wakajaa uwanjani mpaka njiani, wengi kama alivyopenda. Sahani ya kwanza ikaletwa mbele yangu. Mama mdogo, aliyekuwa sasa akitembelea fimbo, alikaa mbele akinitazama kooni kama siku zote.

Nikatia tonge mdomoni. Likagoma. Lilikaa pale shingoni, halipandi wala halishuki, na macho yangu yakajaa, na uwanja mzima ukangoja.

"Meza, mwali," mama mdogo akasema taratibu. "Watu wa mama yako wana njaa."